Lugalo juu ya mkeka

Mwezi Agosti 1888, katika siku za Idd al-Adhha, mabaharia wa Kijerumani waliingia msikitini Pangani wakiwa na mbwa. Wakala wa kampuni ya Kijerumani mjini humo alikuwa Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski huyo huyo, sasa kamanda wa jeshi la koloni na akijulikana kwa jina la Nyundo, aliuawa na Wahehe wa Mtwa Mkwawa pale Lugalo, Iringa. Watoto wetu huhifadhi tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Kwa hiyo likizo hii, hapa Kalemela, tuliitandaza Lugalo juu ya mkeka na kuicheza.

Mchezo wa vita wa mezani si jambo geni. Jeshi la Prussia lilikuwa likiwafunza maofisa wake kwa njia hiyo tangu 1824. Aghalabu huamuliwa kwa dadu, nayo dadu haiingii nyumbani mwangu, kwa sababu ya Hadithi ya nardi iliyomo katika Sahih Muslim. Ilitubidi tutafute njia nyingine.

Vifaa vyote vilitoka jikoni. Juu ya ubao tulichora kwa chaki njia nyembamba, miamba na vichaka. Punje moja ilisimama badala ya watu 30: mahindi 100 yalikuwa Wahehe, wapatao 3,000, dengu 10 zilikuwa askari wa Nyundo, waliozidi 300 kidogo. Mbegu mbili za ukwaju zilikuwa bombomu zilizobebwa na punda. Kila upande husogea hatua moja kwa zamu. Anayefyatua risasi na anayelengwa huficha kila mmoja punje moja hadi tatu kiganjani. Zikilingana, mahindi matano huondolewa. Dengu iliyofikiwa na mahindi kumi hutoka. Bombomu huhitaji zamu mbili kushushwa. Ikishasimama, huondoa mahindi kumi kila zamu bila kubahatisha.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo Lugalo yenyewe. Mwanangu wa miaka 12 aliwatoa Wahehe vichakani mara tu dengu ya kwanza ilipotokeza. Bombomu zikashushwa, na mahindi yakaisha kabla ya kufika njiani. Dada yake alingoja. Aliziacha dengu zipite moja moja hadi ya mwisho ilipoingia kati ya miamba, na punda wote wakiwa bado na mizigo mgongoni. Zamu tatu zikatosha. Lugalo halisi pia ilimalizika kwa dakika chache, ingawa inasimuliwa kuwa ofisa mmoja alimpiga ndege risasi na mlio wake ukaanzisha vita kabla ya wakati. Walikufa Wazungu 10, Zelewski akiwemo, na askari zaidi ya 200.

Hapo pakazuka jambo ambalo sikulipanga. Tulipotaka kurudia mchezo, hakuna aliyekubali kushika dengu.

“Baba, hawa wote ni Wajerumani?” aliuliza mdogo wao.

Nikamjibu kwamba Wajerumani walikuwa wachache mno. Wengi wa askari wale walikuwa Wasudani, walioajiriwa Cairo mwaka 1889, na Washangaa kutoka Msumbiji.

“Wasudani si Waislamu?”

“Wengi wao, naam.”

“Sasa walikuwa wakiswali, halafu wanakwenda kumpigania aliyeleta mbwa msikitini?”

Mama yao aliacha kuchambua mchele akanitazama. Nilimweleza kijana kuwa walikuwa wanajeshi waliokosa kazi, wenye wake na watoto, na kwamba aliyewapa mshahara hakuwauliza dhamiri zao. Hakuridhika, nami sikumlazimisha aridhike. Alizichukua dengu tisa, akazihesabu mara mbili, akasema atazicheza, lakini ile ya kumi, Nyundo, aishike mtu mwingine. Nikaishika mimi.

Usiku wa tatu tulichora Kalenga, ngome ya mawe ya Mkwawa iliyoangushwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Binti alikataa kabisa kuweka mahindi yake ndani ya ukuta. Aliyarudisha vichakani. Nilimwambia kuwa baada ya kushindwa Mkwawa naye alirudi huko huko, wala hawakumpata mpaka 19 Julai 1898, na hata siku hiyo si akiwa hai.

“Angeanzia huko,” akasema, akaendelea kuyapanga nyuma ya miamba.