Mwanga wa Kuwaka na Kuzimika kama Tiba ya Usahaulifu wa Uzeeni

Seli za neva za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu, na nyingi kati yake zinapofanya kazi kwa pamoja, kama wavuvi wapigao makasia kwa mpigo mmoja, huzaa mawimbi yanayoweza kupimwa kwa vinasio vilivyobandikwa kichwani. Mawimbi ya gama, ambayo huenda mbio kuliko mengine, huambatana na umakini na kukumbuka, na hudhoofika kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, unaomnyang'anya mtu kumbukumbu kidogo kidogo.

Mwaka 2016, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, wakiongozwa na Li-Huei Tsai, waliwaweka panya waliobadilishwa vinasaba ili wapatwe na dalili za ugonjwa huo mbele ya taa zilizowaka na kuzimika mara 40 kwa sekunde. Baada ya saa moja, amiloidi, yaani protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa, ilikuwa imepungua katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, huku mikroglia, ambazo ni seli za kinga zenye kazi ya kusafisha, zikionekana kuimeza kwa wingi zaidi. Mwanga usiokatika haukuleta badiliko hilo, wala ule wa mara 20 au 80 kwa sekunde. Kilichoonekana kutenda kazi, basi, ni mwendo wa mwanga na si mwanga wenyewe. Mwaka 2019 watafiti hao waliongeza sauti yenye mwendo uleule, na athari ikafika hadi hipokampasi, kiungo cha ndani ya ubongo kinachohifadhi kumbukumbu mpya.

Hata hivyo, mwaka 2023 maabara ya György Buzsáki ya Chuo Kikuu cha New York ilitoa matokeo yaliyopingana na hayo: amiloidi haikupungua, na seli za sehemu za ndani zaidi hazikuufuata mwendo wa taa ipasavyo. Yeyote anayewatakia wazee mema hana budi kuyapima matokeo yote mawili kwa uzito ule ule, hasa kwa kuwa majaribio ya mwanzo kwa binadamu yalihusisha watu wachache kwa miezi michache, na ingawa wengi wao waliistahimili tiba, uchache huo hauwezi kuthibitisha kwamba kumbukumbu huokolewa.

Ipo pia tiba ya miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi, inayokusudiwa kuchochea mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, lakini sehemu kubwa ya miale hiyo huishia katika ngozi na fuvu.

Vifaa vya tiba hizi za mwanga vimeanza kuuzwa madukani, ilhali mwanga wa kuwaka na kuzimika unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya wenye kifafa. Zaidi ya hayo, si kila usahaulifu ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea kazini, sonona na baadhi ya dawa za usingizi humsahaulisha mzee vilevile, na yote hayo daktari anaweza kuyabaini kwa mahojiano na vipimo vya damu, kisha akayatibu.