Suti ya kuazima mbele ya kamera

Mwaka 1948 Seydou Keïta, fundi seremala wa Bamako, katika Mali ya leo, alifungua studio ya picha nyumbani kwake, karibu na stesheni ya reli. Chuo cha upigaji picha hakukijua. Kamera yake ya kwanza, Kodak ndogo, aliletewa na jamaa yake kutoka Senegal mwaka 1935. Haukupita muda mrefu baada ya studio kufunguliwa, kupigwa picha na Keïta kukawa fahari ya mji.

Studioni mlikuwa na suti za Kizungu, tai, kofia, kalamu za wino, redio, simu, maua ya plastiki. Aliyekuja na joho lake alipigwa picha nalo; aliyetaka suti aliazimwa. Wengine walisimama kando ya gari la Keïta, Peugeot 203. Akina mama walitandaza magauni yao mapana yakaijaza picha, vito vyote nje. Nyuma yao lilitundikwa shuka la kitandani lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alibadilisha kitambaa hicho, na baadaye ndicho kilichomsaidia kukumbuka picha ilipigwa lini.

Wapo wanaoziita picha hizi uongo, kwa kuwa redio haikuwa ya mteja. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliandika juu ya hoteli moja katika visiwa vya Shetland: jikoni wafanyakazi waliishi kwa desturi za kwao, ukumbini wakashika adabu za wageni. Ni watu walewale, na pande zote mbili ni maisha yao. Kila mmoja wetu huchagua kipi kionekane na kipi kibaki nyuma ya pazia, na anayetutazama mara nyingi hutusaidia kuilinda sura tuliyoichagua. Keïta aliifanya kazi hiyo kwa upole mkubwa: akigeuza bega kidogo, akiweka mkono mahali pake, mpaka mteja aone anafanana na anavyojijua.

Tofauti halisi iko kwa anayeamua. Keïta alipiga pia picha za vitambulisho, uso tu, macho mbele, kama ofisi ilivyotaka. Mtu huyohuyo akirudi kwa fedha zake na kwa hiari yake, aliamua mwenyewe aonekane nani.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris. Picha za sentimita 13 kwa 18, zilizokusudiwa kushikwa mkononi, sasa hukuzwa zikajaa ukutani. Jina la Keïta limerudi. Waliopigwa picha, ambao sura zao ndizo kazi yenyewe, wengi wao bado huandikwa “bila jina”, na hilo linaniuma. Majumba ya sanaa yanayozimiliki yana wajibu wa kuwauliza wazee na wajukuu wa Bamako, maana nakala ndogo walizozilipia wateja walikwenda nazo nyumbani.