Kabla Mkono Haujaenda kwenye Simu

Vijana wa vyuo wa Mbeya na Iringa hutuletea sisi washauri malalamiko ya aina mbili. Mmoja hawezi kuiweka simu chini. Mwingine hatulii bila mtu mpya wa kuchati naye, hata akiwa na mchumba. Wao huona ni matatizo mawili. Mimi naona ni moja.

Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwaacha watu chumbani, kila mmoja peke yake, kwa dakika 15 bila simu wala kitabu. Palikuwa na kitufe tu: ukikibonyeza, unapigwa shoti. Waliohesabiwa ni wale waliokwisha kuionja shoti hiyo na kusema wako radhi kulipa ili wasipigwe tena. Hata hivyo, wanaume 12 kati ya 18 walibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na mawazo yako kunaweza kuchosha kiasi hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utaiachaje simu, jiulize nini kilikujia ulipokuwa hujaishika. Mara nyingi ni mambo ya kawaida kabisa: ripoti ya fildi haijaandikwa, boom la mkopo limechelewa, nyumbani wameomba hela. Ukimwandikia "mambo" mtu usiyemjua, uzito unapungua kwa dakika chache. Ubongo hukariri nafuu hiyo na kusahau saa mbili zilizopotea baadaye.

Kinachokaza fundo ni kutojua utapata nini. Katika kitabu chao cha 1957, Charles Ferster na B. F. Skinner walionyesha kwamba njiwa anayepewa chakula bila mpangilio unaotabirika hudonoa kwa bidii, tena huchelewa kukata tamaa hata chakula kikikoma. Fikiria mtu anayejibu leo, kesho kimya, keshokutwa anatuma picha usiku. Huyo ndiye anayewakosesha vijana usingizi. Anayejibu vizuri kila siku wanasema anaboa.

Kwetu kuna kichocheo kingine: bando. Ikifika saa nne usiku na bando la siku lina MB 700, kuzima data kunaonekana ufujaji. Hoja hii ni ngumu kuipinga, ndiyo maana nashauri ununue dogo litakaloisha kabla ya magharibi, hata kama kwa hesabu ni ghali zaidi.

Mbinu ninayoiamini ni kuchelewesha. Alan Marlatt, aliyefanya kazi na watu wenye ulevi, alifundisha kwamba hamu hupanda kisha hushuka yenyewe kama wimbi usipoitii. Jipe dakika 10, andika kwenye karatasi neno moja linalotaja unachohisi, ndipo uamue. Usiku, simu ichajiwe mbali na kitanda. Kwenye geto la chumba kimoja "mbali" ni mlangoni tu, lakini kwa baridi ya Julai mlangoni ni safari. Na usihangaike na ile hadithi kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally wa London ulikuta kwamba tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine 18, wengine zaidi ya 200, na kuteleza siku moja hakukuharibu kazi.

Upande wa mapenzi ni mgumu zaidi, maana simu ukiizima hainuni. Uliyemweka kiporo Makambako au Mafinga ana moyo. Mwambie waziwazi kwamba hauko tayari. Usinyamaze ukingoja aelewe mwenyewe. Kisha kaa wiki kadhaa bila kuanza mazungumzo mapya, na jioni zilizobaki wazi uzipeleke kwaya, mpirani au kwa rafiki mnayeonana ana kwa ana.

Wapo ambao simu ikiwekwa chini hukutana na kitu kizito kuliko uchovu. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, hiyo inaweza kuwa sonona, na haiponi kwa kuzima data. Aliye Mbeya aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda, aliye Iringa hospitali ya rufaa ya mkoa, aeleze kama anavyoeleza malaria. Mawazo ya kujidhuru yakianza, hizo wiki mbili zisingojwe.