Tangazo la ajira TANESCO likitoka, usifunge duka lako

Wapambanaji wa Moshi na vijiji vya juu, mnajua ilivyo: nafasi za TANESCO zikitangazwa tu, magrupu ya WhatsApp kuanzia Majengo mpaka Marangu yanasambaza PDF ileile. Na wauzaji wetu wengi nao wanasimama. Status haziwekwi, wateja hawajibiwi, mtaji unaliwa kidogo kidogo huku mtu anasubiri kuitwa.

Kuomba omba, sio dhambi. Ila piga hesabu. Mwaka 2025 TRA walikuwa na nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Hiyo ni kama watu 85 wanagombania kiti kimoja! Sasa ukifunga duka kwa ajili ya kiti hicho, miezi ya kusubiri utakula nini?

Jingine: maombi yanapita Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal, na kujaza ni bure. Anayekwambia "nina mjomba ndani, tuma laki tatu nikuingize" anautaka mzigo wako wa mitumba wa mwezi huu. Usimjibu hata salamu.

Sasa upande ninaoupenda mimi. Hao waombaji wote ni wateja. Kila mmoja anahitaji namba ya NIDA, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, barua yenye saini, CV, na vyote viskaniwe. Kijana yuko Kibosho, simu ina ufa, bando la kuunga unga. Kama una laptop na skana, posti leo: "Naandaa CV, naskani vyeti, nakusaidia kujaza Ajira Portal", na bei uiandike (tafadhali, hii ya "bei njoo inbox" inafukuza watu). Angalia kama jina la NIDA na la kwenye vyeti yanafanana kabla hujajaza chochote. Nywila aiweke mwenyewe, na vyeti vyake uvifute kwenye mashine yako ukimaliza. Usimwahidi kazi. Wewe unauza huduma ya kujaza fomu, basi.

Wauza nguo, zamu yenu inakuja baadaye, majina ya usaili yakitoka. Siku hiyohiyo weka picha za mashati meupe, suruali za kitambaa na viatu vya kufunga. Ukipita Memorial wiki moja kabla, unakuwa na saizi zote.

Na kwa mliosoma umeme VETA: kazi za umeme haziko ndani ya TANESCO peke yake. Nyumba inayojengwa Uru au Rombo inatakiwa ifungwe nyaya na fundi mwenye leseni ya EWURA ndipo iunganishwe. Kama huna leseni, anza kuifuatilia. Kama unauza soketi, swichi na nyaya mtandaoni, tafuta fundi mmoja mwenye leseni mpeane wateja: yeye anakuletea orodha ya vifaa, wewe unamtajia kila mnunuzi anayeuliza "nani atanifungia?"