Nambari Juu ya Jiwe: Madaftari ya Makumbusho ya Misri

Katika Makumbusho ya Misri mjini Cairo limo bamba la jiwe lenye urefu wa sentimita 64 hivi, lililochongwa picha ya mfalme Narmer akiinua rungu kumpiga adui yake. Bamba hilo lina umri wa miaka 5,000 na zaidi, nalo huhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za utawala wa wafalme wa nchi hiyo. Mtaalamu anapolitaja katika maandishi yake hatosheki na jina. Huandika pia JE 32169, au CG 14716. Mgeni hupita mbele ya tarakimu hizo bila kuzitazama, kumbe kazi ya makumbusho hutegemea tarakimu hizo kuliko kioo na taa.

Kitu cha kale kinapotolewa ardhini huwa na habari za namna mbili. Za kwanza zimo ndani ya kitu chenyewe: aina ya jiwe, michoro, maandishi. Hizo zaweza kusomwa tena hata baada ya miaka mia. Za pili zimo mahali kilipolala: kina cha shimo, tabaka la udongo, na vitu vilivyokuwa ubavuni mwake. Habari hizi za pili hutoweka mara jembe linapopita, isipokuwa zimeandikwa saa ile ile.

Jambo hilo halikutambuliwa mapema. Mwaka 1835 Muhammad Ali, aliyetawala Misri, alipiga marufuku kupeleka vitu vya kale nchi za nje, akaagiza vikusanywe Cairo. Mkusanyo ule ulizidi kupungua kwa kugawiwa zawadi, hata mwaka 1855 mabaki yake yakapewa Maximilian, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria. Leo yako Vienna. Sheria ilikuwapo, mlinzi hakuwapo.

Mlinzi alipatikana mwaka 1858, wakati Mfaransa Auguste Mariette alipopewa madaraka juu ya mambo ya kale. Mwaka 1863 yalifunguliwa makumbusho yake Bulaq, ukingoni mwa mto Naili, na huko ndiko lilikoanzia daftari la mapokezi ambalo herufi zake, JE, hutumika hadi leo. Kanuni yake ni nyepesi: kila kinachoingia hupewa nambari inayofuata, kwa utaratibu wa kuwasili. Lakini mwaka 1878 mto ulifurika ukaingia ndani. Baadhi ya vitu viliharibika au kupotea, na pamoja navyo maandishi mengi ya Mariette mwenyewe kuhusu machimbo yake. Sanamu iliyolowa maji yaweza kukauka, lakini maelezo ya mahali ilipotoka hayawezi kuchimbuliwa mara ya pili.

Miaka mitatu baadaye, karibu na Luxor, ziligunduliwa maiti za wafalme wengi zilizofichwa katika kaburi moja, Ramses II akiwa mmoja wao. Émile Brugsch wa makumbusho, kwa kuwahofia wezi, alizitoa zote kwa muda wa siku mbili hivi bila kuchora ramani wala kupiga picha ndani ya kaburi. Hofu yake ilikuwa na sababu. Hata hivyo, wataalamu wangali wanabishana juu ya nani alilala wapi.

Makumbusho yalihamia Giza, kisha, mwaka 1902, katika jengo la uwanja wa Tahrir. Katika miaka hiyo ilianzishwa orodha kuu, yaani CG, ambayo ni tofauti na daftari la mapokezi. Hapa vitu hupangwa kwa aina. Kila mtaalamu alipewa kundi moja na fungu la nambari lililotengwa, akachapisha kitabu cha maelezo. Maiti za wafalme, kwa mfano, zilitengewa nambari 61051 hadi 61100, na G. Elliot Smith alizieleza katika kitabu cha mwaka 1912. Ramses II ni 61078. Ndiyo sababu bamba la Narmer lina nambari mbili: moja hueleza zamu yake ya kuingia, nyingine hueleza jamaa zake.

Lakini nambari haiwezi kutoa kile ambacho hakikuandikwa. Bamba hilo lilichimbuliwa Hierakonpolis mwaka 1898 na Waingereza James Quibell na Frederick Green. Taarifa ya Quibell yaliweka pamoja na lundo kubwa la vitu vya hekalu vilivyozikwa mahali pamoja. Ile ya Green yasema lilikuwa kando, mita moja au mbili hivi. Mita moja si kitu kwa msafiri, bali kwa mwanahistoria ni swali la kama bamba lilizikwa siku moja na vitu vile au la.

Howard Carter alifuata njia nyingine katika kaburi la Tutankhamun, kuanzia mwaka 1922. Kila kitu au kundi la vitu lilipewa nambari, kutoka 1 hadi 620, na herufi kwa sehemu zake. Vitu vilipigwa picha na Harry Burton pale pale vilipokuwa, kisha vikaelezwa na kuchorwa katika kadi. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi.

Faida ya uandishi huo huonekana siku ya maafa. Tarehe 28 Januari 1971 na miaka mingine yoyote makumbusho yaweza kuwa shwari, lakini tarehe hiyo mwaka 2011 wavamizi waliingia katika jengo la Tahrir. Madaftari ndiyo yaliyowezesha kutambua vilivyokosekana na kutangaza orodha yake, na baadhi ya vitu vikarudishwa.

Tangu hapo vingi vimehama. Mwaka 2021 maiti 22 za wafalme zilipelekwa makumbusho ya Fustat, na hazina ya Tutankhamun imo katika Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyozinduliwa rasmi Giza mwezi Novemba 2025. Vitu vilivyohamia huko hupewa nambari mpya, lakini za zamani hazifutwi. Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun kingali JE 60672, na anayetaka kusoma kadi yake ya asili, iliyohifadhiwa Oxford, hana budi kuitafuta kwa nambari aliyoiandika Carter: 256a.