Raha na karaha za kufuga bahari sebuleni Eldoret

Hebu fikiria jambo hili kidogo. Ni saa mbili usiku hapa Eldoret. Nje baridi inauma na ndani watu wamevaa masweta, chai ya maziwa iko mezani. Lakini pale pembeni mwa sebule, ndani ya tangi la kioo lenye taa ya samawati, kuna kipande cha Bahari ya Hindi. Matumbawe yamefunua mikono yao midogo, samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anacheza, na kamba mwekundu anachungulia kutoka pangoni. Watoto wameisahau televisheni.

Picha hiyo ni tamu, tena si ndoto. Kuna watu duniani wanaofuga mwamba wa bahari mbali kabisa na pwani. Hata hivyo, kabla hujamwita fundi wa vioo aje apime ukuta wako, yafaa ujue jambo moja. Kule Mombasa bahari yenyewe huyapasha maji joto, huyasukasuka, huyasafisha na kuyapimia chumvi, na haidai senti. Ukiihamishia Eldoret, kibarua hicho chote kitakuwa chako wewe, usiku na mchana, Krismasi na Pasaka.

Na usidhani ni safari fupi. Kutoka Mombasa hadi hapa ni takriban kilomita 800 kwa barabara, na mji wetu, uliopandishwa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, uko kama mita 2,100 juu ya bahari. Hata maji ya Mto Sosiani hayaendi Mombasa. Hushuka hadi Mto Nzoia, yakaingia Ziwa Viktoria, kisha yakafuata Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania!

Wanyama, si mawe

Tuanze na matumbawe yenyewe. Wengi wetu tunayajua kama mawe, kwa sababu nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe hayo. Lakini tumbawe lililo hai ni kundi la wanyama wadogo mno, kila mmoja na mdomo wake uliozungukwa na mikono. Wao ndio wanaojijengea hiyo nyumba ya chokaa, tabaka juu ya tabaka.

Ndani ya mwili wa kila mnyama huyo mnaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula humpa mwenye nyumba. Ni mpangaji anayelipa kodi kwa sahani. Ndiyo maana tangi la matumbawe lahitaji taa kali za pekee, na maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 27 hivi. Eldoret usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10. Hita yako haitapumzika.

Gunia la chumvi

Sasa tupige hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Tangi lenye urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60 hubeba lita 540. Ukiacha nafasi juu, tuseme lita 500. Maji hayo peke yake yana uzito wa zaidi ya nusu tani, kabla hujahesabu kioo, mawe na meza. Ikiwa unaishi katika nyumba ya ghorofa, usilijaze kabla ya kumwuliza mwenye nyumba na mjenzi aliyehitimu.

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Kwa lita 500 hizo ni kilo 17 na nusu. Halafu inashauriwa ubadilishe kama sehemu moja kwa kumi ya maji kila wiki, yaani lita 50, ambazo zataka kilo moja na robo tatu ya chumvi. Zidisha kwa majuma 52 upate kilo 91. Naam, ni gunia zima la mahindi la kilo 90 na zaidi, ila hili ni la chumvi, tena si ile ya jikoni. Chumvi ya meza haina kalsiamu na magnesiamu ambazo matumbawe hujengea mifupa yao. Iliyo sawa ni ile iliyochanganywa maalumu kwa matangi ya baharini, na mara nyingi huagizwa kutoka mbali.

Maji ya mfereji nayo hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Kwetu sisi ni salama, lakini kwa samaki ni sumu. Lazima yapite katika chujio zuri kwanza. Kisha, msimu wa kiangazi hewa ikiwa kavu, maji ya tangi hupungua kila siku. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaongeza maji ya chumvi. Kinachoruka hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Basi jazia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo baada ya wiki chache samaki wako watakuwa wanaogelea katika mchuzi uliokolezwa mno. Na yale maji machafu unayotoa usiyamwage kwenye bustani ya sukuma wiki, maana yataiua.

Hewa ya wanariadha

Wanariadha huja Eldoret na Iten kutoka pande zote za dunia kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na huikomaza miili yao. Samaki wa bahari hakuja kufanya mazoezi. Kwa kimo chetu, maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano kuliko maji ya joto hilohilo kule pwani. Kwa hiyo pampu zako ziwe na nguvu ya kuyarusha maji ya juu yachanganyike na hewa, na idadi ya samaki iwe ndogo kuliko ile unayoisoma katika vitabu vya Ulaya.

Hata safari yenyewe ina mitihani yake. Samaki husafirishwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji kidogo na oksijeni nyingi. Mfuko uliofungwa kwa kukazwa kule pwani huanza kutuna ukipanda nyanda za juu, kama pakiti ya krisps unayoinunua Nairobi ukaifungua Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700. Anayekufungia aachie nafasi, na mifuko iwekwe ndani ya sanduku linalozuia baridi.

Miezi ya subira

Tuseme tangi limesimama, maji yana chumvi na taa zinawaka. Watoto wanataka samaki leo. Waambie bado. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, na wengine huigeuza hiyo kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kuzaana vya kutosha. Anayetia samaki siku ya kwanza huwaua kwa haraka yake.

Kisha kioo kitafunikwa na utando wa kahawia, halafu mwani wa kijani kama nywele. Wengi hukata tamaa hapo. Usiwe mmoja wao. Punguza chakula, leta konokono wanaokula mwani, endelea kubadilisha maji.

Halafu raha huanza kuingia kidogo kidogo. Siku moja utaona tumbawe lililokuwa na vichwa vitatu sasa lina vichwa vinne. Utajifunza kwamba wale samaki wa mistari wote huzaliwa wakiwa madume, na mkubwa wao ndiye hugeuka kuwa jike. Asubuhi fulani mtoto atakuja mbio akilia kwamba kamba amekufa, maana maganda yake yamelala chini. Mwambie atazame nyuma ya jiwe. Kamba yuko hai, amevua koti la zamani tu na anajificha hadi jipya ligandamane.

Karaha nazo hazikosi. Matumbawe yaliyowekwa karibu mno hupigana usiku kwa miiba yenye sumu, na asubuhi mmoja ana kidonda. Mgeni atatupa kipande cha mandazi ndani ya maji kwa mapenzi. Mtu atapulizia dawa ya mbu sebuleni, nayo pampu ya hewa itaivuta na kuiingiza majini. Dada anayesaidia kazi za nyumbani, kwa nia njema kabisa, atafuta kioo kwa sabuni. Usimgombeze dada wa watu kama hukumwelezea. Tangi la namna hii ni la nyumba nzima, na kila mmoja ajue sheria zake.

Stima ikipotea

Mtihani mkubwa kuliko yote ni stima. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zililala gizani hadi siku iliyofuata. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa ni kero ya simu na friji. Kwa mwenye tangi la bahari, kukatika kwa namna hiyo ni hukumu. Pampu zikisimama, oksijeni huanza kwisha, na baada ya saa chache samaki hupanda juu wakihema. Joto nalo hushuka polepole.

Basi kabla ya samaki wa kwanza, nunua pampu ya hewa inayotumia betri. Ni kifaa kidogo lakini ndicho kitakachookoa roho. Ukijaliwa, ongeza betri kubwa yenye inverta. Funika tangi kwa mablanketi pande zote, uache nafasi ya hewa juu. Chemsha maji kwa gesi, yatie katika chupa zilizofungwa vizuri na uzielekeze juu ya maji, moja baada ya nyingine.

Jambo moja usilifanye kamwe: usiingize jiko la makaa sebuleni na kufunga madirisha ili kuwapasha samaki joto. Moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Samaki wote wa baharini hawalingani na mtoto mmoja. Kama hakuna njia nyingine, waache wafe.

Walikotoka

Tangu hapo umejitwika jukumu lingine, la kujua viumbe hawa wametoka wapi. Uliza kama samaki amevuliwa na mwenye leseni. Afadhali zaidi ukimpata aliyezaliwa katika tangi, na wale wa mistari huzalishwa hivyo. Kuhusu matumbawe, aina zote zinazojenga miamba zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake kati ya nchi na nchi yataka kibali. Katika hifadhi za bahari zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuchukua hata ganda ni kosa. Mwanafunzi aliye katika ziara ya shule asirudi na tumbawe mkobani. Litakufa na kunuka kabla ya kufika Nakuru.

Hili si jambo dogo. Mwaka wa 1998 joto la El Nino lilipoipasha moto Bahari ya Hindi, matumbawe ya pwani yetu yaliwafukuza wale wapangaji wao, yakageuka meupe kama mifupa, na sehemu kubwa yakafa. Siku hita yako itakapokwama na maji yakapanda nyuzi tatu au nne kupita kiasi, utayaona yaleyale mbele ya macho yako. Tofauti ni kwamba wewe utaizima hita. Bahari haina swichi.

Anzia chini

Kwa hivyo, msomaji, je, uache? La. Anza na tangi dogo la maji baridi, la lita 100 hivi, lenye samaki wa dhahabu wawili. Hao huvumilia baridi ya Eldoret bila hita. Watunze mwaka mzima: stima ikipotea, karo ikidaiwa, na Desemba familia ikienda ushago na kulazimika kumtafuta jirani wa kuwalisha. Baada ya mwaka, ikiwa samaki ni hai na wewe bado una hamu, anza kupiga hesabu ya tangi kubwa.

Na ikiwa hesabu itakataa, weka akiba ya nauli. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu 1968, na kule kusini, ukivuka kutoka Shimoni, kuna Kisite-Mpunguti. Katika kisiwa jirani cha Wasini akina mama wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, nao hutoza ada ndogo kwa wageni wanaopita. Watoto wako wataona bahari ikifanya kazi yake yenyewe, bila hita, bila pampu, bila gunia la chumvi.

Shauri ni lako. Ila ukiamua kuileta nyumbani, ilete ukiwa tayari kuamka saa tisa usiku.