NEGATIVU ZA BABU: NUKTA NGAPI ZATOSHA?

Katika nyumba nyingi za hapa Kanyakine mna bahasha ya picha iliyofichwa chini ya sanduku. Ndani, nyuma ya picha zilizopauka, kuna vile vipande vya mkanda wa kahawia ambavyo watoto huchungulia jua navyo kisha wakavitupa. Msivitupe! Hizo ndizo negativu, mama wa picha. Mzee akifariki, familia hukuza kile kipicha cha kitambulisho mpaka sura ikawa ukungu mtupu mbele ya jeneza, kumbe negativu safi ilikuwa papo hapo nyumbani. Picha za Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1996, bado twaziona kwa kuwa negativu zake zilihifadhiwa Nairobi.

Basi tuseme umepata skana. Kompyuta itakuuliza: nukta ngapi kwa inchi? Wengi hujibu 300, maana wamesikia kwamba picha nzuri huchapwa kwa nukta 300 katika kila inchi. Ni kweli, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi, si ya negativu. Negativu ya mkanda wa milimita 35 ina urefu wa milimita 36 tu, yaani kama inchi 1.4. Ukiisoma kwa 300 utapata nukta 425 hivi. Zitandaze juu ya karatasi ya inchi 6, kila inchi itaambulia 70. Hapo hata pua ya babu hutaiona vizuri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawa urefu wa picha unayoitaka kwa urefu wa negativu, kisha zidisha kwa 300. Picha ya inchi 4 kwa 6 yahitaji kama 1,300. Ya inchi 8 kwa 12 ni maradufu, 2,600, ingawa mimi ningeweka 2,400 na hakuna atakayetambua tofauti. Mikanda mipana ya studio za zamani, yenye picha za mraba za sentimita 6 hivi, haitaki nyingi: picha ya inchi 8 kwa 8 yatosheka na 1,100.

Mbona tusiweke 9,600 tumalize maneno? Kwa sababu ukizidisha nukta mara mbili, mzigo huongezeka mara nne. Kwa 2,400 picha ina nukta karibu milioni 8. Kwa 4,800 zinafika milioni 31. Tena filamu ina chembe zake, na ukipita 4,000 hivi unachosoma sana ni chembe hizo. Na tarakimu za kwenye boksi, jamani, ni za kuuzia! Epson Perfection V600 imeandikwa 6,400, lakini waliopima wamekuta uwezo wake halisi haufiki theluthi ya hapo.

Jambo jingine: skana ya kawaida ya saiba, ile ya kupigia vyeti, haisomi negativu. Negativu hutaka mwanga upenye kutoka upande wa pili, kwa hiyo kifuniko lazima kiwe na taa. Uliza kabla ya kulipa. Ikikosekana, washa skrini nyeupe ya simu, inua negativu juu yake kidogo kwa kipande cha kioo, uipige kwa simu nyingine kisha ugeuze rangi kwa programu. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 yatosha kabisa. Anza na zile zilizoshikwa na kuvu.